Jaji wa mbwa hahukumu mbwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga. Jioni huwa nawaonyesha babu na wenzake video za Crufts, yale mashindano makubwa ya mbwa ya Uingereza, na mimi ndiye mkalimani wao. Juzi nilisema, "Sasa hakimu anawahukumu mbwa safi." Babu akauliza wameiba nini. Mzee mwingine akauliza mbwa safi ndiye mbwa gani. Tangu hapo kila nikifungua mdomo nachekwa. Nisemeje? Halafu, ni "mbwa hii imeshinda", kama wasemavyo rafiki zangu, au "mbwa huyu ameshinda"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazee wako wamecheka kwa haki, na maswali yao mawili yamegusa mahali penyewe.

Tuanze na huyo hakimu. Kwa Mtanzania hakimu ana anwani: yuko mahakama ya mwanzo, ya wilaya au ya hakimu mkazi. Ukipanda Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani unamkuta jaji. Ungedhani basi jaji naye hafai kwa mbwa, lakini jaji ametoka mahakamani siku nyingi. Yuko kwenye mashindano ya urembo, ya kuimba na ya kupika, na hakuna anayeogopa kwamba mshiriki atakwenda jela. Hakimu yeye hakutoka.

Wako watakaokushauri useme mwamuzi kwa kuwa ni neno letu la asili. Silikatai, na ukiliandika hutakosea. Ila masikioni mwangu mwamuzi ana filimbi. Kazi yake ni kusimama kati ya pande mbili asiruhusu mmoja amwonee mwenzake. Mtu anayetazama umbo, manyoya na mwendo, kisha akanyoosha kidole kusema huyu ndiye, tumeshazoea kumwita jaji. Mimi nasema jaji. Refa mwache uwanjani Mkwakwani.

Kilichowavunja mbavu wazee zaidi ni kitenzi. Hukumu ikishamshika kiumbe, msikilizaji anasubiri adhabu: alihukumiwa miaka mitatu, alihukumiwa kunyongwa, Mungu atatuhukumu. Ukisema "anawahukumu mbwa", babu hana budi kuuliza kosa lao. Vijana wameingiza kujaji, nalo halikusaidii, maana "usinijaji" ya mitaani ni kusema usinifikirie vibaya, usinisimange. Ukikimbilia kuamua utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Huamuliwa ugomvi, huamuliwa kesi, huamuliwa mashindano. Lakini "jaji aliwaamua mbwa" maana yake mbwa walikabana na mtu akaingia kati kuwatenganisha.

Kwa hiyo itazame tena hiyo video, safari hii uangalie mikono yake. Kwanza anasimama mbali amwone mbwa kwa ubavu. Mbwa mdogo huwekwa juu ya meza. Kisha jaji anasogea, anashika kichwa, anainua mdomo kutazama meno yanavyokutana. Mbwa mzima ana meno 42, na walio wengi hutakiwa meno ya mbele ya juu yapite kidogo tu mbele ya yale ya chini. Mbwa wa aina ya Boxer na Bulldog hutakiwa kinyume chake, taya la chini litangulie. Mikono inashuka mabegani, mbavuni, nyongani, na kwa dume anahakikisha hata korodani zipo zote mbili. Mwisho anaagiza mbwa aende na kurudi, kisha azunguke ulingo.

Hapo lugha inakupa neno kwa kila hatua, wala huhitaji kitenzi kimoja cha kubeba yote. Kazi nzima ya kumwangalia ni kumkagua. Kwenye mikono jihadhari na kupapasa: anayepapasa haoni, anatafuta kiberiti umeme ulipokatika. Vidole vya jaji vinatafuta mfupa na msuli chini ya manyoya, hasa kwa Poodle, ambaye mkasi umemjengea umbo lingine kabisa kwa nje. Sema anamtomasa, kama mnunuzi wa soko la Mgandini anavyotomasa embe kabla ya kutoa pesa. Na ule mwendo usiseme "anamkimbiza mbwa", wazee wataona fimbo. Mbwa anakimbia sambamba na anayemwongoza. Wazee wa mwambao waliopanda punda walikuwa na neno lake, telki, mwendo wa haraka usiofika mbio zenyewe, nazo mbio zenyewe waliziita shoti. Mtu akikuambia telki ni ya punda tu, mwambie mbwa naye ana miguu minne. Neno limelala bure, litumie.

Kupima nalo lafaa, ila usiliache peke yake. "Jaji anampima mbwa" leo inasikika kama kipimo cha afya au cha mizani. Na pale Crufts daktari wa mifugo yupo kweli: tangu 2012 washindi wa baadhi ya aina, zile ambazo maumbile yake yamezua wasiwasi wa kiafya, hupimwa na daktari kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo daktari anampima mbwa. Jaji anampima mbwa kwa sifa za aina yake. Hicho kipande cha mwisho usikikate, maana ndimo ilimo siri ya mchezo wote. Kila aina ina maelezo yake yaliyoandikwa: urefu, rangi, masikio, mkia, mwendo, hata tabia. Kwa Uingereza mwandishi wake ni Kennel Club, chama cha mbwa cha huko, iliyoanzishwa 1873, miaka 18 kabla ya Charles Cruft kufanya onyesho lake la kwanza London mwaka 1891. Jaji hutakiwa kumweka kila mbwa mbele ya maelezo hayo. Bila kulijua hilo, wazee watauliza, tena kwa haki, inawezekanaje Chihuahua anayeingia kapuni amshinde Great Dane, lile jitu la mbwa. Wala hawakulinganishwa wao kwa wao kwa kimo wala nguvu. Aliyekaribia zaidi maelezo ya aina yake ndiye aliyeshinda. Kwa sababu hiyo mimi husema mbwa wanashindanishwa, ila kila mmoja analinganishwa na sifa zake. Vitenzi hivyo viwili usivichanganye.

Sasa mbwa safi. Neno safi kwetu linakwenda na maji. Ukilitamka kwa mbwa mbele ya baraza la wazee wa Kishafii umefungua darasa la fiqhi: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ulichotaka kusema hakihusu kuoga. Ulitaka kusema baba na mama yake ni wa aina moja, na wazazi wao vivyo hivyo, na yote hayo yameandikwa daftarini.

Wengine husema mbwa halisi, nami naona ni kuwaonea waliobaki, maana mbwa wa mtaani naye si wa bandia. Kibaya kuliko vyote ni mbwa wa asili. Hiki kimegeuka kabisa. Kuku wa asili ni yule wa kienyeji anayejitafutia uani. Mbwa wa asili basi ni huyu wetu anayelala kivulini mwa gari la mkaa, ambaye Crufts wasingemfungulia mlango wa taji kubwa. Umekusudia mashariki, umesema magharibi.

Wafugaji walishatutangulia. Waulize wataalamu wa mifugo, na Tanga hukosi, chuo cha mifugo kiko hapo Buhuri: aina ya mnyama inayozaliana kwa sifa zilezile wao huiita koosafu, wengine wakiandika kosaafu. Kwa ng'ombe neno hili limekaa vizuri miaka mingi, sioni kwa nini mbwa anyimwe. Mzaliwa wa koosafu mbili ni chotara. Na kwa yule wa kwenye video yako mimi ningesema mbwa wa nasaba. Nasaba ni ukoo unaoweza kuhesabiwa kutoka baba hadi babu, na hicho ndicho kilichomo kwenye vyeti vyao. Mzee yeyote wa Tanga analijua neno hilo kabla hujamaliza kulitamka, ingawa usishangae akikuuliza mbwa na nasaba wapi na wapi.

Akiuliza hivyo, mpe kisa cha Basenji. Huyu ni mbwa wa Kongo, mdogo, mkia umejikunja mgongoni, na habweki kama wenzake. Sauti yake ni kama ya mtu anayeimba kwa koo. Jina lake hunasibishwa na Kilingala, na ukilitamka polepole utasikia washenzi wetu ndani yake. Mbwa wa washenzi, yaani wa watu wa bara huko porini, kwa dharau ile ile ambayo pwani tumeitumia muda mrefu mno. Wazungu walimchukua, wakaandika nasaba yake, wakamwekea maelezo ya sifa, na mwaka 2001 Basenji akawa mshindi wa jumla Crufts. Kwa hiyo mbwa mmoja anaweza kuwa wa asili na wa nasaba kwa wakati mmoja; kilichoongezeka ni daftari.

Nimesema mshindi wa jumla kwa makusudi. Taji la juu kabisa usilitafsiri neno kwa neno ukapata "bora katika onyesho", maana hakuna asemaye hivyo. Nanenane tuna washindi wa mabanda na kisha mshindi wa jumla, na muundo ni ule ule: kwanza bora wa koosafu yake, kisha mshindi wa kundi (Crufts na mashindano ya mbwa ya Westminster ya New York, yaliyoanza 1877, yote yana makundi saba), kisha mshindi wa jumla. Kama ni maonyesho au maonesho, hiyo ni kesi nyingine, naomba tusiifungue leo.

Kuhusu "mbwa hii imeshinda", sina maneno mengi. Mbwa ni kiumbe, anakwenda na upatanisho wa mtu: mbwa huyu ameshinda, mbwa hawa wameshindwa. Methali hazikuacha nafasi ya ubishi. Mbwa hafi maji akiona ufuko. Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Naye, si nayo. Kwenye umilikaji tu ndipo pwani pana ulegevu: utasikia mbwa wangu hata wakiwa wengi, na utasikia pia mbwa zangu, kama mbuzi zangu na ng'ombe zake. Yote mawili yanasemwa na waungwana, nami sitamsahihisha mtu. Jibwa limeshinda nalo ni Kiswahili, ila lina dharau au hofu ndani yake, kwa hiyo liweke kwa yule anayekutisha.

Jambo la mwisho hukuuliza, lakini naliona linakuja. Majina ya koosafu yaache yalivyo: Boxer, Poodle, German Shepherd. Usijaribu kuyafasiri. Siku utakapotangaza pale Ngamiani kwamba mchungaji wa Kijerumani amekaguliwa meno, akazungushwa ulingoni na kupewa kikombe, utalazimika kuwaeleza wazee ni wa usharika gani.