Usiache namba za F1 zijipange zenyewe: yaliyonikuta Mwaloni

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili na mara zote mbili tumbo limenikata. Unaandika programu ya duka la dawa huko Nansio, kisiwani Ukerewe, unataka muuzaji akibonyeza F1 apate maelezo ya dirisha alilomo, na umeuliza mambo mawili: utumie faili la CHM (faili moja la msaada la Windows lenye kurasa zote ndani yake) au kurasa za intaneti, na kama ni sawa kuiacha programu ya kuandalia msaada ijipangie namba za mada "ili kuokoa muda". Naanza na hilo la mwisho. Usithubutu.

Muda huo unaotaka kuuokoa niliuokoa mimi mwaka 2014, nikaulipa kwa siku tatu ndani ya ghala la dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Elewa kwanza jambo lenyewe linavyokwenda. Kila dirisha hubeba namba yake. Mtumiaji akibonyeza F1, programu huikabidhi namba hiyo kwa kisomaji cha msaada, nacho hutafuta katika orodha yake ukurasa uliofungamanishwa na namba hiyo, kisha huufungua. Hakuna anayekagua kama ukurasa huo unahusu dirisha lile. Ukikosea namba, msaada hausemi kwamba umekosea, unafungua ukurasa wa jirani kwa kujiamini kabisa.

Mteja wangu alikuwa akinunua dagaa kwa wavuvi na kuwakopesha baadhi yao fedha za mafuta kabla hawajaingia ziwani. Programu ilikuwa na madirisha 14, na namba zilikuwa zimejipanga zenyewe kufuata mpangilio wa yaliyomo, kuanzia 101. Kufunga Siku ilikuwa 108, Kufunga Mwezi 109. Siku moja mteja akaomba maelezo ya kurekebisha stakabadhi. Nikaongeza ukurasa mmoja katika nafasi ya tatu, nikalitengeneza upya faili la msaada, nikalitia kwenye flashi na kulipeleka. Programu yenyewe sikuigusa, kwa kuwa nilijiona nimebadilisha maandishi tu. Kumbe kurasa zote zilizofuata zilikuwa zimesogea hatua moja: ukurasa wa Kufunga Siku ukawa 109, na dirisha la Kufunga Mwezi bado lilikuwa linaita 109.

Karani wa pale, dada makini kuliko mimi, jioni moja alikusudia kufunga siku akabofya mstari wa chini yake kwenye menyu. Akaona dirisha asilolizoea, akasita, akafanya kile hasa nilichomfundisha: akabonyeza F1. Msaada ukamweleza kwa upole kwamba hatua hii hufanywa kila jioni, haina madhara yoyote, na abonyeze Kubali. Kichwa cha ukurasa kilisomeka "Kufunga Hesabu", kwa sababu kurasa zote mbili nilikuwa nimezipa kichwa hicho hicho. Najua, najua, msiniandame. Akabonyeza Kubali. Ilikuwa tarehe 12, tena katikati ya giza la mwezi, siku ambazo dagaa hushuka kwa wingi.

Mwezi ukafungwa, mikopo ya wavuvi ikahamishiwa mwezi unaofuata, na asubuhi yake programu ikakataa kila stakabadhi ya tarehe 13. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya siku tisa nyuma. Tuliirudisha hiyo, kisha tukaingiza upya stakabadhi zaidi ya 600, mimi nikisoma na yule dada akichapa, huku wavuvi wamesimama mlangoni wakiuliza kwa nini kompyuta inawadai mafuta mara mbili. Nusu ya malipo yangu niliirudisha. Jioni nilipanda daladala kurudi Nyakato na kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi hadi mwisho wa safari. Waliofurahia kuniona ni paka wa mtaani tu.

Aliyenipa ushauri wa kuacha namba zijipange zenyewe alikuwa mkufunzi wa semina ya jioni niliyoilipia kwa fedha yangu, mtu wa tai, aliyetuambia kwamba kupanga namba kwa mkono ni ushamba kwa kuwa kompyuta haikosei kuhesabu. Ni kweli, haikukosea. Ilihesabu 108, 109, 110 bila kuruka hata moja, ikanipeleka shimoni kwa mpangilio mzuri. Nilipompigia simu alinijibu kwamba nilipaswa kuikompaili, yaani kuitengeneza upya, na programu pia ili ichukue namba mpya, jambo ambalo hakulitamka hata mara moja katika jioni zote tano za semina.

Basi andika namba kwa mkono, katika faili moja linalosomwa na programu na mradi wa msaada kwa pamoja. Namba ikishatoka haihami. Dirisha likifutwa, linazikwa na namba yake, na namba hiyo isipewe dirisha jingine. Ukurasa mpya uchukue namba inayofuata ya mwisho hata kama katika yaliyomo unakaa katikati, na kichwa chake kiwe jina lile lile lililoandikwa juu ya dirisha, neno kwa neno.

Kuhusu CHM, litumie, maana mtandao ukikatika kisiwani msaada wa intaneti hautamfaa mtu. Liweke kwenye diski ya kila kompyuta. Likikaa kwenye folda ya pamoja iliyo katika kompyuta nyingine, yaliyomo yataonekana lakini kurasa hazitafunguka, kwa sababu tangu masasisho ya usalama ya Microsoft ya mwaka 2005 Windows huzizuia.

Lako ni duka la dawa. Fikiria dirisha la kuondoa dawa zilizokwisha muda likimfungulia muuzaji ukurasa wa kupokea mzigo mpya. Kwa hiyo kabla hujapanda meli, weka mafaili yale yale ya kwenye flashi katika kompyuta nyingine, fungua dirisha moja baada ya jingine, bonyeza F1 na usome kichwa kwa sauti. Mimi hutumia karatasi yenye majina ya madirisha yote na alama ya vema mbele ya kila moja, na likibaki hata moja bila alama, flashi haitoki mfukoni.