Hewa Kwanza, Uchafu Baadaye: Kwa Wanaoanza Kutunza Bunduki za Rangi

Jioni yangu ya tatu kazini, kwenye uwanja wa peintiboli, mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, nje kidogo ya Nairobi, nilitoa hopa, yaani kile chombo cha juu kinachobeba risasi, nikatazama ndani, nikaona haina kitu. Nikaketi na kitambaa changu nianze kufuta. Kidole kikagusa triga, na risasi moja iliyokuwa imebaki chemba ikaenda kupasukia kwenye ndoo aliyokuwa ameinamia mwenzangu akiosha miwani ya wateja. Maji yote yakawa manjano. Yeye alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu uso wake ulikuwa wazi na ndoo ilikuwa chini ya kidevu chake.

Risasi ya rangi ina upana wa kama milimita 17 na uzito wa gramu 3 hivi. Viwanja vingi haviruhusu izidi futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91. Ukiwa umevaa barakoa itakuachia alama ya samawati kwenye paja. Ukiwa hujavaa, jicho linaweza kwenda. Basi wewe unayeanza kazi ya stoo usivue barakoa kwa sababu mchezo umeisha. Kwako wewe mchezo ndio unaanza.

Kumaliza risasi hakuifanyi bunduki kuwa tupu. Bunduki ni tupu ikiisha hewa. Mimi hufuata mpango huu: soksi ya mtutu, kile kifuko kinachofunika mdomo wake, iko mahali pake mteja anaporudisha bunduki, na safeti imefungwa. Natoa hopa, nageuza bunduki juu chini ili risasi zilizokwama shingoni zianguke. Kisha naenda kwenye wavu, navua soksi, nafungua safeti, nafyatua mara mbili tatu kuelekea pasipo na mtu. Hapo ndipo nashika mtungi wa hewa inayorusha risasi. Naulegeza polepole kiasi cha robo tatu ya mzunguko, pini ya valvu ifunge, kisha nafyatua tena mpaka bunduki inyamaze kabisa. Ikiwa bado inalia, bado ina hewa. Ikishanyamaza, namalizia kufungua mtungi. Bunduki zenye swichi ya kufungia hewa ni rahisi zaidi, lakini nazo zifyatue baada ya kufunga.

Kuhusu mtungi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wamekufa. Mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hujazwa hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3000 au 4500, na wa gesi ya kaboni dayoksaidi hukaa kwenye psi 850 hivi chumba kikiwa na nyuzi 21, na huzidi haraka sana ukiuacha ndani ya gari juani. Juu ya mtungi pana valvu iliyofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Ukizungusha mtungi ili utoke kwenye bunduki, valvu nayo lazima izunguke pamoja na mtungi. Ukiona mtungi unazunguka na valvu imesimama, acha papo hapo: unafungua valvu kutoka kwenye chupa yake, na ikichomoka inaruka kama roketi. Fundi aliyenifundisha alichora mstari mmoja kwa rangi ya kucha, nusu kwenye valvu na nusu kwenye mtungi. Mstari ukikatika, mtungi huo hauguswi tena mpaka mtaalamu auone. Chupa ya rangi ya kucha ni bei ya chapati mbili tatu, sielewi kwa nini kila uwanja hauna.

Tazama pia tarehe iliyogongwa kwenye mtungi. Mitungi mingi hupimwa upya kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Uliopitisha muda haujazwi, hata mteja akiwa ni rafiki wa bosi. Na usitie mafuta wala grisi kwenye chuchu ya kujazia hewa. Hewa ikiingia kwa nguvu ile hupata joto, na mafuta yanaweza kuwaka humo humo.

Sasa usafi wenyewe, ambao kusema kweli ni kazi nyepesi. Ile si rangi ya nyumba. Ndani ya gamba la jelatini mna kimiminika kinachoyeyuka kwenye maji, kwa hiyo maji ya uvuguvugu na kitambaa cha pamba vinatosha. Vuta kitambaa ndani ya mtutu kuelekea upande mmoja, rudia mpaka kitoke kikavu. Usitumie brashi ya waya, itachubua mtutu na risasi zitaanza kupasukia humo. Mswaki wa zamani unafaa kwenye shingo ya hopa na kwenye kile kidude cha mpira kinachozuia risasi mbili zisiingie pamoja. Bunduki ya umeme usiitumbukize majini, ifute tu.

Dawa ya kutoa kutu ya dukani, ile ya kupuliza, iache kwa mwenye baiskeli. Hufanya oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja, zivimbe, na oringi iliyovimba huvujisha hewa. Bunduki za kawaida za springi zinataka matone machache ya mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili yake, na za umeme zinataka grisi. Soma kijitabu cha ile uliyonayo mkononi. Vijana wengi hudhani mafuta mengi ni utunzaji mwingi. Mafuta ya ziada hutoka mtutuni pamoja na risasi, na risasi huanza kwenda kombo.

Lenzi za barakoa zioshe kwa maji na kitambaa laini. Petroli, spiriti na dawa ya kusafishia vioo huidhoofisha plastiki yake bila wewe kuona, halafu ipasuke siku inayohitajika.

Masika yakifika, stoo za huku kwetu hunuka ukungu. Kausha kila kitu kabla ya kukifungia, toa betri zisije zikavujia ndani, acha bolti, kile kipande kinachosukuma risasi mtutuni, ikiwa haijakokiwa ili springi isichoke, na mitungi iwekwe mbali na bunduki, kivulini, ikiwa na hewa kidogo ndani ili unyevu usiingie. Bunduki ibebwe kwenye mfuko uliofungwa. Ukipita nayo barabarani mkononi, askari hatakuuliza kwanza kama ni ya rangi.

Risasi nazo hunywa unyevu hewani na kuvimba. Funga mfuko wake vizuri, weka mahali pakavu pasipo joto, na geuza boksi kila wiki zisibonyee upande mmoja. Zilizoanguka chini usizirudishe kwenye hopa. Zikusanye zote, kwa sababu mbwa huzipenda na zinaweza kumdhuru vibaya. Mbwa wa mlinzi wetu aliwahi kuzila, akalala kwa daktari wa mifugo siku mbili, na mlinzi hakuniamkua mwezi mzima.

Asubuhi, kabla wateja hawajafika, kila bunduki uliyoifungua jana ipime mwendo kwa kipima kasi. Ikizidi kiwango cha uwanja, punguza kwa skrubu yake, pima tena mara tatu, kisha andika namba yake kwenye daftari.