Blanketi Tulilolipandisha Langtang

Swali lenu la wiki hii linasema: “Ni safari gani iliyokufanya umjue mwenzako upya?” Nilimsomea mume wangu tukiwa mezani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Waandikie ya Langtang. Usifiche kitu.” Basi nawaandikia.

Sisi ni Wakenya wawili tunaotafuta riziki Doha. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi, nasimamia usafi wa vyumba hotelini. Yeye kakulia Othaya, Nyeri, ni mlinzi wa zamu. Tulioana mwaka 2022, na kwa miaka miwili likizo zetu hazikuwahi kukutana. Zilipokutana, Oktoba 2024, watu walidhani tutakwenda nyumbani. Tulikwenda Nepal, na kilichotupeleka ni blanketi.

Kazini nina mwenzangu ambaye kwao ni bonde la Langtang, kaskazini mwa Kathmandu, karibu na mpaka wa Tibet. Amenizidi miaka kama kumi, nami humwita Didi, yaani dada mkubwa kwa Kinepali. Nilipofika Doha sijui hili wala lile, ndiye aliyenigawia chakula chake mpaka nikapata mshahara wa kwanza. Wanepali walio Ghuba ni wengi mno. Pesa ambazo wahamiaji wao hutuma nyumbani kutoka kila pembe ni kama robo ya pato la taifa lao. Nikisikia hesabu kama hiyo huwaza mama zao. Mama yake Didi ni mjane, anaishi mita 3,430 juu ya usawa wa bahari, na Didi alikuwa amemnunulia blanketi zito la manyoya, rangi ya damu ya mzee, akakosa wa kulipeleka. Nilipomwambia tuna likizo, hakuniomba kitu. Jioni alikuja chumbani kwangu nalo, limeshafungwa kamba.

Kutoka Doha hadi Kathmandu ni safari ya ndege ya chini ya saa tano. Viza tulipewa uwanjani, dola 30 kwa siku 15. Saa yangu nilihangaika nayo, kwa sababu Nepal iko mbele ya Doha na Nairobi kwa saa 2 na dakika 45, na hizo dakika 45 sijaziona mahali pengine. Ukutani pa nyumba ya wageni kalenda yao ya Kinepali ilisema mwaka 2081. Rupia yao siku hizo ilikaribiana na shilingi yetu, kwa hiyo bei tulizisoma kama tuko soko la Gikomba, Nairobi. Na masikio yangu ya pwani hayakulala: sabuni kwao ni *sabun*, kitabu ni *kitab*, kalamu ni *kalam*, dunia ni *duniya*. Sahani ya wali na mchuzi wa adesi ilipoletwa na kijisehemu cha achari pembeni, mwenyeji akakitaja, “achar.” Nilitaka kumkumbatia.

Tulifika wakati wa Tihar, sikukuu yao ya taa. Siku moja ya sikukuu hiyo ni ya mbwa. Mbwa wa mitaani, wale wasio na mwenyewe, huvishwa shada za maua ya manjano, hupakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso na kulishwa vizuri. Mume wangu, ambaye kazi yake humkesha usiku na mbwa, alichuchumaa karibu na mmoja kwa muda mrefu sana. Nilimwacha.

Barabara ya kwenda Syabrubesi, mahali njia ya miguu inapoanzia, sitaieleza sana. Ni kama kilomita 120, nasi tulikaa ndani ya basi saa tisa, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Njiani askari walikagua vibali vyetu vya hifadhi, rupia 3,000 kila mmoja. Tulikuwa na mwongozaji, kijana mpole wa huko huko, maana tangu Aprili 2023 sheria inataka mgeni asipande bila mwongozaji. Wakati ule niliiona kama gharama ya kuongezewa. Leo naitetea sheria hiyo mbele ya yeyote.

Siku ya kwanza tulipita msituni kando ya mto, kelele za maji hazikomi, nyani wenye nyuso nyeusi na manyoya meupe wanatutazama kutoka juu. Mume wangu alikataa kumpa mpagazi lile blanketi. Alilifunga juu ya begi lake, akasema mzigo wa Didi ni wake. Ilikuwa haki yake kujiamini, nilidhani. Akiwa shule ya sekondari alipanda Mlima Kenya mpaka Lenana, mita 4,985. Mimi kilima kirefu nilichokijua ni cha kutoka kivukoni.

Njiani tukakutana na mama mmoja anashuka na kapu kubwa la mianzi mgongoni. Kapu lile huitwa *doko*, na uzito wote hubebwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, *namlo*. Mume wangu akasimama ghafla. “Mukwa,” akasema. “Huo ni mukwa wa Cucu.”

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka miwili na sikujua kwamba Cucu, yaani bibi yake aliyemlea, alikuwa na kishimo kwenye paji la uso, alama ya mukwa, kamba ya kuni aliyoibeba tangu msichana. Alinieleza hayo kwa dakika kama kumi, tukipanda, bila kunitazama. Kwamba akiwa mtoto alikuwa akitia kidole kwenye kile kishimo, Cucu akicheka. Kwamba Cucu alifariki mwaka 2023, yeye akiwa zamu Doha, na hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Kifo hicho nilikijua. Nilikuwa nimemuuliza usiku ule anajionaje, akanijibu “niko sawa,” akavaa sare akaenda kazini. Nami nikaamini, kwa sababu ndilo jibu lake la kila kitu.

Siku ya pili tulipanda karibu mita 1,000. Mwongozaji alikuwa akirudia “bistari, bistari,” na sikuhitaji kutafsiriwa. Ni pole pole yetu ya milimani. Miti ikapungua, bonde likafunguka, na ghafla njia ikaacha udongo ikaingia kwenye uwanja mpana wa mawe ya kijivu. Mwongozaji akavua kofia. Chini ya mawe hayo ndipo kilipokuwa kijiji cha Langtang. Tarehe 25 Aprili 2015, saa sita hivi mchana, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliitikisa Nepal, likaua watu karibu 9,000 nchi nzima. Hapa liling'oa barafu na miamba kutoka juu, vikaporomoka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 200 walikufa bondeni, wenyeji pamoja na wageni, na wengi hawakupatikana. Nyumba moja tu ilibaki wima, ile iliyojibanza chini ya mwamba. Tulivuka kimya. Sikujua niweke wapi mguu, maana kila mahali palikuwa juu ya nyumba ya mtu.

Kijiji kipya kimejengwa mbele kidogo. Mama yake Didi alikuwa anatusubiri mlangoni, amevaa aproni ya mistari ya wanawake wa huko. Kwa Kinepali na kwa lugha yake ya nyumbani, mama ni *ama*, kwa hiyo hata jina la kumwita halikutupa tabu. Mume wangu alimkabidhi blanketi kwa mikono miwili. Ama hakulifungua. Aliliweka usoni, akalinusa, akakaa hivyo.

Siku ya tetemeko alikuwa juu malishoni na wanyama. Ndiyo maana yuko hai. Didi alikuwa tayari Ghuba, akapiga simu siku nne bila jibu. Wanakijiji walichukuliwa kwa helikopta hadi Kathmandu, wakaishi kambini miezi mingi, kisha wakarudi kujenga upya. Nilimuuliza, kupitia kwa mwongozaji, kwa nini walirudi mahali pale. Akajibu kwamba wanyama walikuwa huku.

Usiku ule mume wangu alikula nusu sahani. Nikaona, sikusema.

Kesho yake tuliendelea hadi Kyanjin Gompa, mita 3,870, mwendo wa saa tatu nne hivi. Ni mahali pa kukutoa machozi. Kilele cha Langtang Lirung, zaidi ya mita 7,200, kimesimama juu ya paa za nyumba kana kwamba kitainama. Kuna kiwanda kidogo cha jibini kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi, nasi tukanunua kipande. Mimi, mtoto wa baharini, nilikuwa mzima kama samaki. Yeye alikaa ukutani, hakupiga hata picha moja. Nikamuuliza, “Vipi?” Akasema, “Niko sawa.”

Jioni tulikaa kwenye jiko la chuma linalochochewa kwa samadi kavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huko. Wali ukaletwa, akausukuma mbele. Mwongozaji alikuwa anamtazama kwa muda. Akaniuliza mimi, wala si yeye: “Didi, mchana alikula?” Nikasema hapana. “Jana?” Nusu. Basi akamwomba mume wangu asimame, atembee kwenye mstari wa mbao za sakafu, kisigino cha mguu huu kikigusa kidole cha ule. Hatua ya tatu akayumba, akashika meza.

Mwongozaji hakupandisha sauti. Alisema kichwa kikiuma tu unaweza kulala ukangoja asubuhi, lakini mtu akishaanza kuyumba, ubongo unavimba, na asubuhi huenda isimkute. Dawa ya kweli ni kushuka, sasa hivi. Mume wangu akasema hapana, tumefika mbali, kesho tupande kilele cha Kyanjin Ri tuone bonde lote, yeye Lenana alifika. Alikuwa na umri wa miaka 17 alipofika Lenana, na sasa ametoka kuishi miaka mitano usawa wa bahari. Mlima haukumbuki ulipanda nini zamani.

Sijawahi kumwamrisha mume wangu. Usiku ule nilimfunga kamba za viatu mwenyewe, nikamwambia, “Sikuulizi tena kama uko sawa. Inuka.” Akainuka.

Tuliondoka saa mbili usiku na tochi za kichwani. Mwongozaji alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Kwenye bonde hilo kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, na desturi ni kuzipita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia. Hata usiku ule, na mgonjwa mkononi, kijana yule hakuzipita kinyume. Hakuna aliyekuwa akimwona ila sisi. Nilimheshimu kwa hilo, na nilipata nguvu kwalo, sijui kwa nini. Baridi ilikuwa ya kukata masikio na nyota zimejaa mpaka pembeni. Mume wangu alitapika mara mbili. Mara ya pili alisema neno moja: “Cucu.”

Ama alifungua mlango kabla hatujabisha. Mtu wa Kyanjin alikuwa amempigia simu. Alipika supu ya kitunguu saumu, akamlaza karibu na jiko, akamfunika lile blanketi la rangi ya damu ya mzee. Kisha akakaa kando yake akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale. Hapo ndipo mume wangu alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, muda mrefu, na Ama hakuondoa mkono wala hakuuliza chochote.

Alinieleza baadaye kwamba kichwa kilianza kumuuma siku ya pili, mchana, kabla hata ya yale mawe. Hakusema kwa sababu nyumbani kwao yeye ndiye mkubwa, na mkubwa hajambo.

Asubuhi alikunywa chai akaimaliza. Mwongozaji alimpima tena kwenye mstari, akaupita bila kushika kitu. Tulimpigia Didi simu ya video, akaona blanketi, akamwona mama yake, akamwona na mume wangu ameketi ndani ya blanketi hilo, akaziba mdomo kwa mkono. Tuliteremka siku hiyo hiyo hadi msituni. Kyanjin Ri hatukuiona, na kile kipande cha jibini tulikila ndani ya basi.

Mnauliza kuhusu kumjua mtu upya. Nilidhani nimeolewa na mtu asiyeumia. Mwezi wa saba uliopita, joto la Doha likiwa halisemeki, alirudi kutoka zamu, akavua viatu mlangoni, akaniambia kabla sijafungua mdomo: “Leo kichwa kinaniuma tangu saa nne.” Nikamletea maji, nikamwekea kiganja kwenye paji la uso.