Waipa mbili hazilingani urefu

Umeuliza kama ununue waipa mbili za saizi moja za kioo cha mbele cha gari. Hapana mkuu, usinunue. Kwenye magari mengi, waipa ya upande wa dereva ni ndefu kuliko ya abiria, kwa hiyo pima kila moja kwa tepu. Dukani watakuuliza inchi. Ikizidi urefu itagongana na mwenzake au kupiga fremu ya kioo. Mimi niko Mtwara, hubadilisha Novemba kabla mvua hazijashika, maana jua la kiangazi chote huku linakausha raba mpaka inapasuka. Kutoa ya zamani, kama mkono wa chuma unaoishika ni wa ndoano, yaani ncha yake imepinda, bana kilipu, vuta waipa chini, imetoka. Ila tandika tambara kwenye kioo kwanza! Mkono mtupu ukirudi kwa kishindo unakipasua.