Kengele ya moshi katika nyumba ya kupanga: maswali yenu

Kengele ya moshi iliyoko kwenye korido ya nyumba ninayopanga Ilazo inatoa "ti" moja kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana. Mwenye nyumba anasema ninunue betri. Mimi naona ni jukumu lake. Nani yuko sahihi?

Mwenye nyumba. Sauti hiyo ni ya betri inayokwisha. Nunua leo hii, usingoje mwisho wa mwezi. Kifaa, waya na ufungaji ni vya mwenye nyumba. Betri ni yako wewe unayelala humo, na kubonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi ni kazi yako pia. Kifaa chenyewe kikifa, au kikitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa (tarehe iko nyuma yake), mwandikie mwenye nyumba ujumbe na uutunze kwenye simu.

Ila mgawanyo huu mnapaswa kuuandika. Mikataba ya pango ninayoletewa nisome hapa Dodoma inataja tarehe ya kodi, bili ya maji ya DUWASA, zamu za kufagia uwanja, hata marufuku ya kufuga kuku. Moto haumo. Ongezeni mistari miwili kabla hamjahesabiana kodi ya miezi sita, maana baada ya hapo mpangaji hana tena nguvu ya kudai kitu. Dalali naye akikuambia hayo yataongelewa baadaye, jua hayataongelewa.

Na tafadhali, msichomoe betri ili mpate usingizi.

Nina nyumba ya vyumba vinane Nzuguni, nimepangisha vyote. Sheria inanilazimisha kweli kufunga hizi kengele au ni mambo ya Ulaya?

Hao unaowaita Ulaya wameliandika waziwazi. England tangu 2015 mwenye nyumba anatakiwa kuweka kengele ya moshi katika kila ghorofa la nyumba anayopangisha na kuijaribu siku pango linapoanza. Oktoba 2022 wakaongeza kwamba akiambiwa ni mbovu, ni juu yake kuitengeneza au kuibadilisha.

Sasa rudi nyumbani. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 inahesabu kwamba kila anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi ameahidi kuwa kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kitaendelea kufaa muda wote wa pango. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lina mamlaka ya ukaguzi chini ya sheria yake ya 2007. Sasa jiulize mwenyewe: vyumba vinane, korido moja, kila chumba kina ekstensheni yenye pasi, heta na chaja, na hakuna kitu cha kumwamsha mtu saa nane za usiku. Hiyo inafaa kukaliwa na binadamu?

Funga moja kila chumba na moja koridoni. Ukiweza, chukua zile zinazounganishwa, moja ikilia zinalia zote. Za umeme ziwe na betri ya akiba ndani, maana umeme ukikatika ndipo watu wanawasha mishumaa. Ukishindwa kuweka zote mwezi huu, anza na korido. Lakini anza.

Nifunge wapi?

Nimelijibu mno swali hili. Darini, katika chumba cha kulala na koridoni karibu na milango ya vyumba. Si jikoni, ikae walau mita 3 kutoka kwenye jiko, na mbali na feni.

Mwenye nyumba hataki nitoboe jipsam yake.

Bandika kwa gundi maalumu ya pande mbili, na siku ya kuhama uondoke nayo.

Ya kwangu hapa Nkuhungu inalia ovyo wakati hakuna moshi wowote. Ni feki?

Inawezekana, lakini kwanza tazama vumbi. Barabara nyingi za mitaa yetu ni za udongo, na upepo wa kiangazi unaingiza vumbi jembamba hadi ndani ya kabati. Likiingia kwenye chemba ya kifaa, kifaa kinalidhani moshi. Buibui na wadudu wadogo hufanya hivyohivyo. Pitisha brashi laini kwenye matundu yake kila baada ya miezi michache, na kiangazi mara nyingi zaidi. Usikioshe kwa maji.

Angalieni pia mafundi rangi. Niliwahi kuona kengele Area D iliyopakwa rangi nyeupe pamoja na dari, matundu yote yamezibwa, na kitaa chekundu kinamulika chini ya rangi kana kwamba kifaa ni kizima. Familia ilikuwa inalala chini yake. Kikishapakwa rangi, kitupwe.

Tumepanga wanafunzi watano nje ya chuo. Mwenye nyumba ameweka kengele mpya, lakini kila saa nne usiku anafunga geti la grili la korido kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Tufanye nini?

Swali hili ndilo lililonifanya nichague mada ya leo. Kengele haizimi moto. Kazi yake ni kukuamsha upate dakika chache za kutoka, na huyu bwana amezichukua dakika hizo akaenda kulala nazo kwake. Godoro la sponji likishika moto, chumba hujaa moshi mweusi upesi mno. Hamtakuwa na nafasi ya kumpigia simu aamke, avae, avuke uwanja na kutafuta ufunguo gizani.

Leo hii kila mmoja wenu apate ufunguo wake, na mwingine utundikwe kwenye msumari ndani, karibu na geti, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. La uhakika zaidi ni komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Madirisha nayo: kila chumba kiwe na nondo za dirisha moja zilizowekwa bawaba, zifunguke kwa ndani. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Mwenye nyumba akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Zimamoto. Wezi wapo, najua. Televisheni mtanunua nyingine.

Wazazi mnaosomesha watoto UDOM, CBE na vyuo vingine hapa mjini, mkija kuwatembelea msiishie kuuliza kodi. Ulizeni geti la usiku linafunguliwa na nani.

Juni na Julai baridi ya Dodoma inatushinda, tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Kengele ya moshi itatuonya hewa ikichafuka?

Haitawaonya! Mkaa ulioiva hautoi moshi wa kuonekana, unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulemewa na usingizi asiamke tena. Kuna kifaa chake maalumu, lakini hata ukiwa nacho sitakuruhusu. Jiko libaki nje, wewe ongeza blanketi.

Na gesi ya kupikia ikivuja?

Nayo haiitambui. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, toka nje.

Moto wa hitilafu ya umeme umeunguza vyumba vyangu viwili, havikaliki. Mwenye nyumba anataka kodi iendelee.

Asikutishe. Sheria hiyohiyo ya Ardhi inasimamisha kodi, yote au sehemu yake kwa kadiri ya uharibifu, iwapo moto haukutokana na uzembe wako, mpaka nyumba ifae tena. Piga picha za kila kona, chukua barua ya Zimamoto kuhusu chanzo, kisha peleka madai yako kwa maandishi.

Namba ya Zimamoto ni ipi, na niwaambie nini?

114. Toka nje kwanza ndipo upige. Taja mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba iliyobandikwa kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. "Karibu na kwa mama muuza chapati" haimsaidii dereva wa gari la maji. Sema kama kuna watu ndani, na mtu mmoja akasimame barabarani kuwapokea.