Uliza Fundi: Kuifunga cheche injini ya ndege ya rimoti

Swali: Ami Fundi, shikamoo. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika vitu alivyoniachia mna injini ndogo ya ndege ya rimoti, ya mipigo miwili, CC 15. Ina plagi ile ya kupashwa kwa betri ya volti 1.5, na inakunywa methanoli. Ndege nimeshaiunda, shida ni mafuta. Methanoli naagizia Mombasa, leo ipo kesho haipo, na nitromethani, ile nitro ya kuchanganya humo, ndiyo sijaiona kabisa. Nasikia mtu anaweza kuifunga CDI, kile kisanduku cha umeme kinachotoa cheche, ikatumia petroli kama mashine ya boti. Ni kweli, na nianzie wapi?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mjomba. Ni kweli, ila umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. Kubadilisha moto ni kazi moja, kubadilisha mafuta ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayoua injini. Funga cheche kwanza, uendelee na methanoli ileile. Ikishatulia ndipo tuzungumze petroli.

Hiyo plagi ya joto uliyonayo ndani yake mna kijiwaya cha platini kilichosokotwa. Betri inakipasha, injini inawaka, betri unaiondoa, na kijiwaya kinabaki na wekundu wake kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusana na platini hutoa joto. Hakuna swichi, hakuna koili. Raha tupu, isipokuwa hakuna anayeiambia injini iwake wakati gani. Wakati wa moto unaamuliwa na mbano wa silinda, joto la plagi na nitro iliyomo kwenye mafuta. Ukikosa nitro, injini inakoroma vibaya ukiishusha chini, kisha inazima. Cheche inakuondolea hayo yote: methanoli na oili tupu zinatosha, na injini inatulia kwenye mwendo wa chini. Wala si mambo mapya. Injini za miaka ya 1930 kama Brown Junior ya Marekani zilikuwa na plagi ya cheche, koili na betri. Plagi ya joto aliileta sokoni Ray Arden, Mmarekani pia, mwaka 1947, na watu wakatupa koili zao kwa furaha maana zilikuwa nzito. Leo elektroniki imekuwa nyepesi, wanazirudia.

Agiza kisanduku cha CDI kilichotengenezwa kwa injini za ndege za mfano, kihisi cha Hall (kinachotambua sumaku ikipita mbele yake), sumaku ndogo na plagi. Plagi iwe ya uzi wa robo inchi, meno 32 kwa inchi. Huo ndio uzi wa plagi yako ya joto, kwa hiyo kichwa cha silinda hukigusi. Mwanya wake usizidi nusu milimita.

Sasa sumaku, maana hapa ndipo watu huharibu. Nyuma ya rafadha pana sahani ya aluminiamu inayoishika. Toboa tundu ukingoni mwake, upana wa sumaku, kina cha kuizamisha, lisipenye upande wa pili. Usitie gundi bado. Unganisha kisanduku na betri, plagi iwe ndani ya kofia yake na mwili wake ugusane na chuma cha injini, kisha pitisha sumaku mbele ya kihisi kwa mkono. Geuza, pitisha tena. Upande mmoja utatoa cheche, upande mwingine utakaa kimya. Ule wenye cheche utie alama ya kalamu, ndio utakaotazama nje. Angalia pia kama cheche inaruka sumaku inapofika kwenye kihisi au inapoondoka, maana visanduku havifanani. Ukishajua, pachika kwa araldaiti na uifunike yote. Sumaku hizi za neodimiamu zina ngozi nyembamba ya nikeli. Ikichubuka, hewa yetu ya chumvi inaila ndani kwa ndani, inavimba, inaachia, na sahani inayozunguka mara 10,000 kwa dakika itairusha usikokujua.

Kupanga wakati wa cheche, toa plagi, ingiza kijiti cha mwanzi tunduni, zungusha taratibu upate mahali pistoni inapofika juu kabisa. Tia alama. Bandika duara la karatasi lenye digrii kwenye shafti, kisha irudishe digrii 28 kabla ya hiyo alama. Hapo ndipo kihisi kinapaswa kuita cheche. Kisogeze mpaka ikubali, halafu kaza. Karatasi iliyokuja na kisanduku ikitaja digrii nyingine, ifuate hiyo. Usiogope kwamba digrii 28 ni mapema mno kwa kuwashia: kisanduku kizuri huichelewesha cheche chenyewe injini ikiwa taratibu, ili rafadha isirudi kinyume ikakuvunja vidole.

Na vidole hivyo, nakuomba. Injini ya plagi ya joto ukiiondolea betri kabla haijapata moto inakuwa maiti. Ya cheche ina uhai muda wote swichi ikiwa imewashwa. Ukiizungusha rafadha kwa mkono ili uifute vumbi, sumaku ikapita kwenye kihisi, inaweza kuwaka. Zima swichi kwanza, kila mara. Na usiwashe CDI kofia ya plagi ikiwa inaning'inia: umeme ukikosa njia ya kutokea unakipasua kisanduku chenyewe.

Petroli sasa. Methanoli huungua vizuri kwa sehemu 6.4 za hewa kwa moja ya mafuta, kwa uzito. Petroli inataka 14.7. Maana yake petroli unayohitaji haifiki nusu ya methanoli, na sindano ya kabureta yako haikukatwa kwa kazi hiyo. Utaifunga mpaka karibu na mwisho, na hapo ukiigusa kidogo tu mafuta yanakuwa mengi, ukiigusa tena yanakuwa haba. Wanaofanikiwa huweka kabureta ya diaframu, aina ya Walbro kama za misumeno ya mnyororo, nayo inataka kijitundu cha pumzi kutoka kwenye krankesi, yaani chumba cha kranki. Pili ni joto. Methanoli ikivukiza inapoza silinda sana, petroli haifanyi hivyo. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, shusha mwendo mara moja na uongeze shimu (kibati chembamba) chini ya kichwa kupunguza mbano. Tatu ni oili. Usichote mchanganyiko wa wavuvi wa 50 kwa 1. Injini ndogo kama hii anza na 20 kwa 1, yaani mililita 50 za oili ya mipigo miwili kwa lita ya petroli. Oili ya mbarika uliyozoea kwenye methanoli haichanganyiki vizuri na petroli, iache. Mipira ya silikoni nayo itavimba ndani ya petroli. Badilisha mrija na kizibo cha tangi.

Fungua kifuniko utazame pistoni. Kama ina ringi, petroli inawezekana. Kama haina, na silinda yake ni ya shaba iliyopakwa kromu, mimi ningebaki na methanoli. Methanoli yenyewe ifungie kabatini yenye alama: ni sumu ya kupofua na kuua, na moto wake mchana wa jua hauonekani.

Kuhusu kuirusha, uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya mkondo tu, na sheria za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA) za 2020 za vyombo visivyo na rubani zipo. Omba ruhusa, na kituo cha polisi wajue. Ukiiwashia ufukweni Shela, tandika jamvi chini ya rafadha, mchanga usiingie kwenye kabureta.

Swali: Mzee, mimi ni fundi wa bodaboda hapa Malindi. Nina CDI kuukuu tele. Kwa nini nisifunge hizo?
*Msomaji, Malindi*

Jibu: Uzito, fundi mwenzangu. Sanduku, koili na betri ya volti 12 pamoja, ndege haitainuka. Halafu nyingi ya hizo hazitumii betri kabisa, zinakula umeme wa volti zaidi ya mia kutoka kwenye koili ya stata, ile sehemu ya injini inayozalisha umeme, na ndege haina stata. Ziuze.

Swali: Yangu ni ya mipigo minne. Sumaku iko kwenye kranki, kwa hiyo cheche inaruka mara mbili kila mzunguko kamili wa kazi. Haitaharibu?
*Msomaji, Watamu*

Jibu: Hapana. Ile ya pili inaruka valvu ya moshi ikiwa wazi, hakuna cha kuunguza. Acha.

Swali: Nimefunga cheche, injini inanguruma vizuri, lakini usukani wa mkia unatetemeka wenyewe. Risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) imekufa?
*Msomaji, Mambrui*

Jibu: Kabla hujanunua risiva, zima injini uangalie mkia. Ukitulia, mwizi ni waya wa plagi. Waya huo lazima uwe na wavu wa chuma juu yake, na wavu ugusane vizuri na kofia pamoja na mwili wa plagi. Ukilegea pale kwenye kofia, kelele zote zinatoka. Betri ya cheche iwe yake peke yake, usiichange na ya risiva. Kisanduku kikae mbele karibu na injini, risiva nyuma, kati yao sentimita 30 au zaidi, na waya zao zisilale pamoja. Kisha weka rimoti kwenye hali ya kupima masafa, mwenzako aishike ndege injini ikiwaka, na wewe utembee ukirudi nyuma huku unachezesha mkia. Ukitetemeka tena, rudi kwenye kofia ya plagi.