ULIZA FUNDI: CPU imeungua, garanti imeisha, ninunue ipi sasa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti na vijana wanakuja kwangu kuombea ajira na mikopo ya chuo. Mwezi uliopita mvua ya radi ilinyesha, umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena ukarudi, CPU yangu ikazima na mpaka leo haiwaki, ukibonyeza feni inazunguka kama sekunde mbili inasimama, basi. Ni ya mtumba, core i5 ile ya 4570, dukani walinipa garanti ya miezi 6 nayo imeungua ikiwa na miezi 9 tangu ninunue, nilivyowapigia wakasema pole mama garanti imeisha. Fundi wa hapa kajaribu pawa saplai nyingine, kabadilisha RAM, kaweka betri mpya ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, hola. Anasema mazabodi imeungua, anaweza kuagiza nyingine ya mtumba kwa laki 2 na ufundi humo humo. Mwanangu yuko Dar anasema niachane na hiyo atanitumia i7 ya Kariakoo kwa laki 3 na nusu, ina Windows 11 tayari. Mimi nina laki 6 na hapo ndo nimekopa kikoba. Nifanyeje? – Mama Steshenari, Mwanga

JIBU: Marahaba mama, ingawa nahisi wewe ndiye ulitakiwa kuamkiwa.

Kwanza huyo fundi wako mshike vizuri, maana amefuata utaratibu, wengi wakiona mashine haiwaki wanakimbilia kusema mazabodi kumbe ni pawa saplai tu au RAM imelegea. Na hizi CPU fupi za maofisini pawa saplai zake zina soketi zake zenyewe, huwezi kuchomeka ya kawaida ya dukani, kwa hiyo kama alipata ya mashine kama yako akajaribu ikagoma basi namuamini. Na hilo la garanti usiumie sana moyo, hata ingeungua ikiwa na miezi 2 wangekuambia garanti haihusu radi na umeme, karatasi nyingi za garanti zina huo mstari chini kwa maandishi madogo.

Sasa laki 2 usiitoe. Siyo kwamba fundi anakuibia, hapana, ila 4570 ni prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kizazi cha 4, wauzaji wanaita jeni ya 4, ni ya mwaka 2013. Windows 10 iliyokuwa inaendesha mashine hizo Microsoft walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali prosesa hiyo, kwa Intel inaanzia jeni ya 8. Yaani unalipa laki 2 unarudi pale pale ulipokuwa, na mazabodi yenyewe ya mtumba hujui imepitia radi ngapi.

Halafu hiyo i7 ya mwanao. Mama, hapa naomba uninukuu ukimpigia simu. Neno i7 peke yake halina maana yoyote, ni kama mtu akuambie nakuuzia gari la Toyota halafu anyamaze. Muulize namba inayofuata. Ikisomeka i7-4770 ni jeni ya 4, ndugu yake na hiyo iliyokufa. Ikisomeka 6700 ni jeni ya 6. Ikisomeka 8700 hiyo ndo jeni ya 8, ila kwa laki 3 na nusu ningeshangaa kidogo. Na kusema ina Windows 11 tayari hakuthibitishi kitu, kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani na mafundi wanazijua, inawaka vizuri tu na inafanya kazi, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawaahidi kuiletea masasisho ya usalama. Kama ni ya watoto kuangalia katuni nyumbani sawa, mimi mwenyewe ninayo moja hivyo. Lakini wewe watu wanakuachia namba za NIDA, vyeti, nywila za akaunti zao za ajira na mikopo, na kila mteja anakuja na flashi yake imetoka kusikojulikana. Hapana.

Mwambie asiangalie stika ya nje, stika inabanduliwa na kubandikwa kama ya daladala. Awashe mashine, abonyeze kitufe cha Windows na R, aandike msinfo32, itaandika prosesa kamili na modeli. Akitoka hapo aandike tpm.msc, aone kama TPM, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, imeandika 2.0. Mashine za ofisi zinazotoka nje kwa wingi unaweza kuzijua hata kwa jina: HP EliteDesk 800 au ProDesk 600, ikiwa G3 ni jeni ya 6 au 7, ikiwa G4 ndo jeni ya 8. Dell OptiPlex 7050 bado, 7060 ndiyo, na mdogo wake 3060 ndiyo. Lenovo ThinkCentre M710 bado, M720 ndiyo. Muuzaji akianza kukwambia hizo ni namba tu hazina tofauti, mwanao ashukuru aende duka la pili.

Na usilazimishe i7 wala i5. Kwa kazi yako i3-8100 inatosha kabisa, ina kori 4 sawa na hiyo i5 yako ya zamani na ni ya kisasa zaidi, bei inashuka. Hela unayookoa hakikisha ina RAM GB 8 na SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 256, hapo ndo utaona tofauti, mteja anasubiri barua ya kurasa mbili mashine inawaka dakika nne kwa sababu ya hard disk ya kuzunguka, anaondoka anaenda kwa jirani.

RAM za zamani usihangaike kuzihamisha, zile ni DDR3 na hizi mpya zinatumia DDR4, hata mlango wake haufanani, muuzie fundi. Hard disk yako itoe uichomeke kama ya pili, barua na fomu zako zote kama radi haikuifikia zimo. Kingine watu wanakisahau mpaka mzigo ufike ndo wanapiga simu: monita yako ina waya wa aina gani? Kama ni ile ya bluu ya VGA, baadhi ya mashine za jeni ya 8 hazina tena huo mlango, zina DisplayPort, baadhi na HDMI. Mwanao anunue adapta huko huko Kariakoo, Kigoma utaizunguka Mwanga mpaka Ujiji na ukiipata utauziwa bei ya migebuka wakati wa mwezi mpevu.

Kabla hajalipa pia ajaribu kuingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni Ulaya na Marekani, zingine zinakuja na nywila ya BIOS ambayo hakuna anayeijua, siku ukitaka kuweka Windows upya unakwama. Na kama imetoka Marekani atazame nyuma ya pawa saplai, nyingi siku hizi zinajirekebisha zenyewe kuanzia volti 100 mpaka 240 ila zipo zenye swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230, ikikaa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu unasikia mlio mmoja tu na biashara imeisha. Apate risiti ya EFD na garanti iandikwe kwenye risiti, siku ngapi na nani analipa nauli ya kurudisha, maana kutoka kwetu mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,200 na garanti ya wiki mbili mzigo utakuwa bado unahesabu vituo. Usinunue kwa kutuma hela kwa simu kwa mtu wa picha mtandaoni wakati una mtoto ana miguu yupo pale pale.

Ikifika usiiwashe hapo hapo stendi kwa furaha. Basi limeitikisa usiku kucha. Fungua kifuniko, bonyeza RAM zikae, angalia feni ya prosesa haijalegea, ndo uchomeke.

Sasa mama nakuja kwenye kilichonifanya nijibu swali lako kwa urefu huu. Katika laki 6 usiitumie yote kwenye CPU. Kilichokutia hasara siyo CPU, ni umeme, na huo umeme bado upo ukutani pale pale unasubiri mgeni. Sisi tuliokulia enzi za majenereta ya dizeli tulizoea kabisa taa kufifia jioni na kurudi kwa kishindo, tukaona ni kawaida, vifaa vyetu havijawahi kuona ni kawaida. Tenga hela ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, chukua yenye AVR ndani, hiyo inasawazisha umeme ukipungua au ukizidi kidogo bila kula betri kila mara. Ya 650VA inakutosha kwa CPU na monita, siyo ya kufanyia kazi kutwa nzima, ni ya kukupa dakika chache useivu barua ya mteja uzime kistaarabu. Ukienda kununua mwambie muuzaji achomeke taa au kitu chochote kisha achomoe UPS ukutani, ikizima papo hapo betri imekaa dukani mpaka imekufa.

Na tafadhali, printa yako ya leza au mashine ya kopi USIICHOMEKE kwenye UPS. Ile ikitaka kupasha moto karatasi inavuta umeme mwingi kwa mara moja, UPS ndogo itapiga kelele izime na CPU itazima nayo. Steshenari kumi nilizoingia naikuta hiyo printa imechomekwa UPS halafu CPU imechomekwa ukutani, sijui nani alitufundisha. Printa iende ukutani kupitia gadi ile ya friji inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme.

Radi ni habari nyingine. Radi ikipiga karibu hakuna UPS wala gadi itakayokuokoa, ukisikia ngurumo zinakaribia kutoka upande wa ziwa chomoa, siyo kuzima swichi, CHOMOA, na waya wa intaneti pia kama unao kwa sababu radi haichagui njia. Wateja watasubiri. Wakikuuliza waambie fundi kakataza.

SWALI: Fundi mimi nipo Tabora, Isevya. Nilikuwa na kompyuta ile kila kitu ndani ya skrini, garanti ya mwaka imeisha na wiki tatu tu baadaye skrini ikawa nyeusi ila nasikia inawaka na sauti ya Windows inatoka. Ninunue nyingine kama hiyo? Nilipenda haijazi meza.

JIBU: Usinunue kitu bado. Sauti inatoka maana yake mashine yenyewe inafanya kazi, kilichokufa huenda ni skrini au taa yake ya nyuma. Chukua tochi ya simu imulike skrini kwa pembeni ikiwa imewashwa, ukiona maandishi kwa mbali kama kivuli basi ni taa. Angalia nyuma au ubavuni kama ina mlango wa HDMI wa kutoa picha, soma vizuri kwa sababu zingine ni wa kuingiza, kama ni wa kutoa azima hata tv ya nyumbani uchomeke, picha ikija hamisha kazi zako zote kwanza. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuitumia na monita ya mtumba. Nyingine kama hiyo mimi sinunui, kikifa kimoja umepoteza vyote, na skrini yake fundi wa Tabora ataagiza, utasubiri hadi msimu wa maembe upite.

SWALI: Mimi ni mwalimu Buhigwe, shule tunatumia sola. CPU ya ofisi imekufa na mkuu kaniambia nitafute nyingine. Nilitaka tawa kubwa, wanasema inadumu.

JIBU: Mwalimu, tawa kubwa ni rahisi kutengeneza kweli, hewa inapita vizuri humo, ila kwa sola nenda kwenye zile ndogo zinazoitwa mini au tainii, ukubwa wa kitabu. Nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni, mfano i5-8500T, zimetengenezwa kwa wati 35, na chaja yake ni kama ya laptopu, mara nyingi wati 65. Ikiwa imetulia inakula kidogo sana kuliko tawa, betri zenu zitafika jioni. Sheria ya jeni ya 8 ni ile ile niliyomwambia mama wa Mwanga hapo juu. Shuleni tumieni inveta ya pyua sain (pure sine wave), ile inayotoa umeme laini kama wa gridi, zile za bei rahisi chaja zinalia na kuchemka. Na uulize kabisa kama chaja yake ipo kwenye boksi na ni ya kampuni ile ile, mini nyingi zinauzwa bila chaja halafu unaambiwa ni elfu kadhaa zaidi ukiwa umeshapanda gari kurudi Buhigwe.